Bukari Chini ya Kisigino

Mafundi wanayeyusha lami barabarani. Nimefunga dirisha, nimelifungua tena. Miguu yangu haitulii chini ya meza.

Nilipokuwa mtoto, mtumbwi wetu baba aliutengeneza kwa mabati ya mapipa, viungo akaviziba kwa lami. Siku yake ya mapumziko kiwandani tuliupanda tukafuata ukingo wa ziwa la Lufira kwenda kumwona nkambo, mama yake, aliyekuwa mgonjwa. Tulipofika kwenye matete lami ikabanduka, maji yakatufika vifundoni. Nikaruka kusimama.

"Ikala! Weye unataka tuzame?" baba akafoka.

Mama akafungua kitambaa, akamega bukari, ule ugali wetu wa siku nzima, ukiwa bado moto, akaukandika kwenye tundu na kuukanyaga kwa kisigino.

"Na shiye tutakula nini?" nikauliza.

"Utakula kule. Toa maji, mutoto."

Nikateka kwa kopo, nusu nikijimwagia mapajani. Samaki walikuwa wakidonoa chini. Mama alisema anawasikia kisiginoni.

Tulipofika baba alishuka akakimbilia kwa mama yake. Nikamvuta mama mkono, naye ashuke.

"Ita kwanza papa yako, muvute mutumbwi ku muchanga," alisema. "Minye nikitoa muguu, tutarudi na nini?"