Mkeka Usiochemshwa

Mama alichemsha ukindu wake pamoja na magome ya mti mpaka maji yakawa mekundu kama chai ya rangi, kisha akauanika kivulini siku tatu. Hapo ndipo alipoanza kusuka. Majirani zetu wa Koboko walijifunza kwake, na mikeka yao ilidumu kupita ndoa zao.

Mimi nilikuwa mvivu wa kutafuta kuni. Mwaka 1979, nikiwa na miaka kumi na minne, Mama aliniachia mkeka wa kulalia baba niutengeneze peke yangu. Nikaanika majani mabichi juani, nikayapaka maji ya magome juu juu yapate rangi, nikasuka. Ulipendeza kuliko wake. Nilijisifu moyoni, mjinga mimi.

Baba alikuwa askari, na serikali aliyoitumikia ilipoanguka tukakimbilia Zaire. Homa ilimuua siku ya nne njiani. Tulimzika karibu na kijito, palipokuwa na makaburi mengine ya wakimbizi wenzetu wa Koboko, bila msalaba wala jiwe. Mama alimviringisha katika mkeka ule.

"Mkeka yetu iko ya kupika," aliniambia. "Siku tukirudi, tutajua yeye."

Nilipaswa kusema pale pale. Nilinyamaza kwa kuogopa kuchapwa, mbele ya maiti ya baba yangu!

Miaka saba baadaye tulirudi pale na wajomba wawili na majembe, tumpeleke nyumbani. Mama alionyesha mahali. Wakafukua, ikatoka mifupa mitupu. Mama akainama, akachambua udongo kwa vidole.

"Huyu hapana baba yako. Mkeka ya kupika hawezi kuoza namna hii. Rudisha udongo."

Nikawatazama wajomba wakimfukia baba.

Kaburi la pili, hatua tatu tu kando, lilitoa mifupa na kipande cha mkeka, bado chekundu, bado kigumu. Mama alikikumbatia akalia. Nami nililia, akadhani tunalilia jambo moja. Tukaibeba mifupa ile mpaka Koboko.

Wanasema mficha maradhi, kifo humfichua. Mimi hakikunifichua. Mama alikufa na amani yake, akaomba azikwe kando ya mumewe. Tulimlaza kando ya yule tuliyemleta, ambaye sijui alikuwa mume wa nani. Mkeka wake niliusuka mimi, na safari hiyo nilichemsha.