Habari ya Mkate Iliyotoka Darasani

Wanafunzi walimwita Mwalimu Koma, na yeye alijua. Jina lenyewe lilikuwa na pande mbili. Upande mmoja ni kile kialama cha uandishi alichokipigania kila siku, maana kila insha aliyoirudisha ilirudi imejaa vimkia vyekundu. Upande wa pili ni kwamba darasa likizidi makelele alisimama mlangoni akasema "koma" kwa sauti ya chini, na watoto arobaini na wanane wakakoma.

Alifundisha Kiingereza kidato cha tatu. Mimi nilifundisha Jiografia, na meza zetu zilitazamana katika chumba cha walimu, kwa hiyo haya ninayoyasimulia mengi niliyaona kwa macho yangu, mengine alinieleza mwenyewe, na machache niliyasikia tu kwa watu. Ya kusikia nitasema kwamba ni ya kusikia. Hiyo nayo nimejifunza kwake.

Mwaka ule muhtasari wa somo ulikuja na mada mpya: mwanafunzi ajue kupima habari za magazeti, redio na simu, kisha naye ajue kuandika habari iliyonyooka. Walimu wengi waliipitia juu juu ili waiwekee alama ya vyema. Yeye aliishika kwa mikono miwili. Aliomba magazeti ya zamani kwa muuza vitumbua mmoja aliyekuwa akiyatumia kufungia, akayabandika ukutani mpaka darasa likafanana na banda la kinyozi. Aliwafundisha kuuliza: nani kasema, alikuwepo, nani mwingine kaona. Wiki mbili hazikupita, watoto wakaanza kutusumbua sisi wengine. Binti mmoja alinisimamisha katikati ya somo la mito, akaniuliza kwa adabu kama ule mto nimewahi kuuona. Nikasema sijawahi. Akainama akaandika kitu kwenye daftari lake, na mpaka leo sijui aliandika nini.

Binti huyo wenzake walimwita Kamusi. Alikuwa mtoto wa fundi cherehani, mpole, mwenye mwandiko mdogo kama wa chungu. Mwalimu Koma alipotoa zoezi la mwisho wa mada, Kamusi ndiye aliyelifanya vizuri kupita wote.

Zoezi lilikuwa hivi: kila mmoja aandike habari ya uongo, kwa Kiingereza, atumie hila zote walizojifunza, kisha wenzake wazitafute hila hizo. Aliwaonya wasitaje jina la mtu. Kamusi hakutaja. Aliandika kwamba wasichana saba wa shule fulani walizimia baada ya kula mikate ya tanuri moja lenye mlango wa buluu, lililo karibu na geti la shule; kwamba shuhuda mmoja, aliyeomba asitajwe, aliona gunia la unga wa rangi isiyoeleweka; kwamba wakubwa wameamua kunyamaza; na kwamba msomaji awaambie wenzake kabla habari haijafutwa.

Mbele ya geti letu kulikuwa na tanuri moja tu la mikate, na mlango wake ulikuwa wa buluu. Mwoka mikate na mkewe walikuwa pale mwaka wa kumi na moja. Mwalimu Koma aliliona hilo, aliniambia baadaye. Aliliona, akatabasamu, akasema moyoni kwamba mtoto amechukua kitu cha karibu kama alivyofundishwa. Akampa kumi na nane kwa ishirini. Mbili alizikata kwa sababu ya koma.

Kisha akaibandika insha ile kwenye ubao wa ukumbini, na juu yake akaandika kwa kalamu nene nyekundu kwamba hii ni habari ya uongo, mpita njia atafute dalili zake.

Ijumaa ilikuwa siku ya wazazi. Watu walipita ukumbini, wengine walisoma, wengine walipiga picha. Nani alipiga ile picha hatukumjua. Aliyeipiga, au aliyeipokea baada yake, aliukata ule mstari mwekundu wa juu, ikabaki insha peke yake. Mwingine akaitafsiri kwa Kiswahili. Mwingine akaongeza sauti ya mwanamke anayelia.

Jumatatu asubuhi Mwalimu Koma aliipata mezani nyumbani kwake, akinywa chai. Alikuwa akiishi na dada yake mkubwa, mstaafu wa posta, ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Dada alimsogezea simu, akamwambia asome, na mkate wa juzi ameshautupa, hata kuku amewanyima.

Mwalimu alisoma maneno ya mwanafunzi wake yakiwa yamegeuzwa lugha, akaiweka simu mezani.

"Dada, hii imeandikwa na mwanafunzi wangu," alisema. "Ni zoezi. Nimeisahihisha mimi mwenyewe, nikampa kumi na nane."

Dada yake alifikiri kidogo. "Sasa huyo mtoto alijuaje?"

Alimweleza tena tangu mwanzo, taratibu, kama anavyowaeleza watoto wa kidato cha kwanza. Dada alitikisa kichwa kukubali kila hatua. Mwisho akasema amemwelewa, mdogo wake hawezi kumdanganya, lakini mkate atanunua kwingine, kwani kuna ubaya gani kujihadhari?

Na mimi nisijifanye mwema. Nilikuwa nimepita mbele ya ubao ule kila siku, na maandishi mekundu niliyasoma. Jumatatu hiyo jioni nilifika kwenye mlango wa buluu, nikaona hakuna mtu, nikapitiliza mpaka duka la mbele. Sikuamini habari ile. Nilipitiliza tu.

Jumanne Mwalimu Koma alikwenda kwa mkuu wa shule. Mkuu alimsikiliza, akakuna kidevu, akasema jina la shule lisitajwe popote, bodi ikisikia itakuwa kesi nyingine. Kama anataka kusahihisha, asahihishe kama mtu binafsi. Mwalimu akakaa siku nzima akiandika. Alinipa nisome kabla hajayatuma kwenye makundi ya simu, na katika maisha yangu sijasoma maelezo yaliyonyooka vile: nini kilitokea, lini, nani aliandika na kwa nini, mstari upi umekatwa, na picha nzima ya ubao chini yake. Akaweka jina lake kamili.

Waliojibu ni watu wanne. Mmoja alimpongeza kwa lugha nzuri. Mwingine aliuliza mwoka mikate kampa nini. Wa tatu aliandika kwamba mwalimu anayekiri kufundisha watoto uongo, nani atamwamini akisema kweli? Wa nne aliuliza kama shule ina nafasi za kidato cha kwanza.

Bwana afya naye alikuja, akachukua unga, akachukua maji, na wiki iliyofuata akaleta karatasi yenye mhuri kwamba kila kitu ni safi. Mke wa mwoka mikate aliibandika mlangoni. Jioni ile picha ya mlango wa buluu wenye karatasi ya mhuri ikaanza kuzunguka, na chini yake mtu ameandika: wamefungiwa. Watu waliuona mhuri. Kusoma, hawakusoma.

Hapo ndipo Mwalimu Koma alipomchukua Kamusi wakavuka barabara kwenda kuomba radhi. Alisema kama ingekuwa amri yake angekwenda peke yake, lakini mtoto alimfuata mpaka getini akasisitiza. Ndani kulikuwa na joto dogo tu, la tanuri lililowashwa kwa mikate michache. Mke aliwakaribisha viti, kisha akaenda nyuma na hakurudi tena. Kamusi alianza kusema akashindwa, machozi yakamtangulia.

Mwoka mikate alingoja atulie. Kisha akasema yeye Kiingereza hajui, na ile ya Kiswahili watu wameitia chumvi. Anataka kuisikia ile yenyewe. Mwalimu akatoa karatasi kwenye mkoba. Akamsomea akitafsiri sentensi moja moja, na yule bwana akasikiliza mpaka mwisho, mikono yake yenye unga imelala magotini.

"Ameandika vizuri?" aliuliza.

"Vizuri sana."

"Nami naona." Akajipangusa unga mikononi. "Ningekuwa si mimi, mwalimu, nami nisingenunua."

Hakuwatukana, hakuwafukuza. Aliwafungia skonzi nne kwenye karatasi, akakataa kulipwa. Mwalimu Koma aliniambia angeshukuru kama angetukanwa.

Tulijaribu vitu vingine. Walimu sita tulikubaliana kununua pale kila asubuhi, tuonekane na watoto tukila. Tulikula wiki mbili. Watoto walitutazama kama watu wanaopita juu ya kamba, wakisubiri. Nilisikia, na hili ni la kusikia, kwamba walikuwa wamewekeana dau ni nani kati yetu atatangulia kuzimia. Wiki ya tano mlango wa buluu ulifungwa. Mwoka mikate alikwenda kuajiriwa kwenye tanuri la mtu mwingine, upande wa pili wa mji. Dada yake mwalimu, aliposikia, alisikitika kwa dhati, akasema mkate wao ulikuwa mtamu kweli.

Mtihani wa mwisho wa mwaka ulikuja na swali la kupima habari. Kidato chetu cha tatu kiliongoza. Walitaja hila zote, walipanga hoja, hata koma zilikaa mahali pake. Mkuu wa shule alimwita Mwalimu Koma mbele ya paredi, watoto wakampigia makofi. Alisimama pale akitazama mchanga.

Kamusi hakuwa miongoni mwa walioongoza. Tangu siku ya skonzi alikuwa akiandika sentensi fupi fupi, kitenzi kimoja, nukta, na akiulizwa aongeze kidogo anasema hana zaidi. Muhula ulipofunguliwa alikuja chumba cha walimu na fomu ya kuhamia mkondo wa hesabu. Fomu ilihitaji saini ya mwalimu wa lugha.

Mwalimu alimwambia akae. Akamwambia kosa lilikuwa la mwalimu, si lake, na kwamba katika miaka kumi na tisa hajapata mwanafunzi anayeandika kama yeye. Alisema mengine ambayo sikuyasikia, kwa kuwa alikuwa ameinama akimsemea karibu. Binti alisikiliza kwa adabu ileile.

"Ahsante, mwalimu," alisema. "Lakini hesabu nikikosa, nakosa peke yangu."

Mwalimu Koma alinitazama, kama vile mimi wa Jiografia ningekuwa na jibu. Akafungua kalamu, akatafuta mahali pa kutia saini, na ilimchukua muda kupaona.