Vidole vyangu vimeniumbua mbele ya Hamza

Wakuu, salamu kutoka Kasongo, Maniema. Hiki kisa ni changu mwenyewe, sijatia chumvi, na hapa ninapoandika bado nacheka peke yangu kama chizi.

Mimi ni dada wa sekretaria, kile chumba cha kuchapa na kuprinti karibu na soko. Nachapa bila kuangalia keyboard. Mteja ananisomea, mimi namtazama usoni, vidole vinaenda vyenyewe. Najidai sana kwa hilo.

Kwa wasiojua: huku Kongo keyboard zetu ni za Kifaransa. A ipo pale ambapo Watanzania mna Q, Z ipo kwenye W yenu, na M imekaa pembeni ya L.

Sasa laptop yangu ikafa. Shemeji akaniletea nyingine kutoka Kigoma, ya Kiingereza.

Asubuhi hiyohiyo akaingia Yaya Zaina (huku kwetu yaya ni dada mkubwa), mama wa watoto kutoka Wamaza anayemaliza ualimu. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kwenye flash yangu, na alitakiwa kuipeleka chuoni siku hiyo kabla ofisi haijafungwa. Akikosa, anarudia mwaka.

Kazi za wanafunzi nazifunga kwa password, maana wanaibiana mpaka ukurasa wa shukrani. Password ni moja kwa wote.

Nikaandika. Ikakataa.

Nikarudia. Ikakataa. Skrini inaonyesha nyota tu, kosa silioni.

"Travaye yangu imekufa?" Yaya Zaina akauliza, yaani ile kazi yake ya chuo.

Mdogo wake, mtu wa pikipiki aliyemleta, akasogea mlangoni kusikiliza. Anaitwa Hamza. Mpole, ana tabasamu la kumaliza watu. Tuendelee.

Nikafungua ukurasa mtupu, nikaiandika password hapo niione. Ikatoka hivi: hq;wq

Aisee, nilicheka kwa raha. Kumbe faili ni zima, vidole ndivyo bado viko kwenye laptop ya marehemu!

Basi nikae niandike polepole, si ndiyo? Thubutu. Jicho linaona A, kidole kimeshagonga Q. Naitafuta M, kidole kimeshakimbilia pembeni ya L. Kila nikijaribu, ni yaleyale. Jasho likanitoka.

Yaya Zaina akachoka. "Ondoka pale. Weye unitajie, miye niandike."

Nikajifanya napanga karatasi.

Wakuu, ile password sijawahi kumwambia mtu. Lakini nikamwona yule mama, machozi yanamlenga, mwaka mzima uko mikononi mwangu. Nikafumba macho.

"H."

Akaitafuta kwa kidole kimoja kama anachambua mchele. "Iko hii. Kisha?"

"A."

"Mm."

"M. Halafu Z."

Mkono wake ukasimama. Herufi ya mwisho hakuniuliza. Akaiandika mwenyewe, faili likafunguka, kisha akageuka taratibu kumtazama mdogo wake.

Nilitamani niingie ndani ya printa nijifungie.

"Tutoe kwanza travaye," Yaya Zaina akasema. "Yenu mutaongea kisha."

Tukaprinti, wakaruka kwenye pikipiki, wakawahi. Imepokelewa. Nilimfurahia yule mama kuliko ninavyoweza kueleza.

Alasiri nikasikia pikipiki. Hamza, peke yake.

"Kuko kitu ya kuchapa?" nikamuuliza, namtazama kila mahali isipokuwa usoni.

"Hapana. Nilikuja tu kuangalia kama ile kode ingali ileile."

Wakuu, nilihangaika na kofia ya kalamu, hata kuifunga sikuweza.

Funzo: ukibadilisha mashine, izoeshe mikono kabla mteja hajafika. Au usiizoeshe, inategemea mlangoni kasimama nani.

Na nyie, vidole vyenu vimewahi kuwaumbua wapi? Shusheni hapa. Nikichelewa kujibu msinitafute, Yaya Zaina yuko sebuleni anaongea na wazazi wangu.