Utafiti Wake Ninao, Ila Nilimwambia Nimeufuta

Admin, jina langu lifiche. La kwake lifiche pia, ingawa halistahili stara hiyo. Mimi ni binti wa miaka 23, niko mwaka wa mwisho kwenye chuo kimoja hapa Arusha, nimepanga chumba Daraja Mbili. Kwetu ni juu kule Meru, watu wa migomba na ng'ombe wawili watatu, kwa hiyo laptop niliyoingia nayo chuo ni ile aliyoichoka mjomba. Ukiiwasha, unaweza kwenda kuoga ukarudi bado inajifikiria.

Mwaka wa kwanza nikajifunza mwenyewe kuitoa Windows na kuweka Linux. Kwa wasioijua, ni mfumo wa kuendeshea kompyuta unaotolewa bure kihalali, na programu zake za kuandikia na za mahesabu ni bure pia, huhitaji kukraki, yaani kuvunja kufuli la programu ya kulipia, wala kuiba. Laptop ikawa nyepesi. Tena virusi vya kwenye flashi, vile vinavyoficha mafaili yako na kukuachia shotikati tupu, kwangu haviumi. Basi darasa zima likawa linaniletea flashi "kuosha". Nina kanuni moja na wote wanaijua: kabla sijagusa flashi ya mtu, nanakili kila kitu kwenye folda yenye jina lake, nisije nikaharibu kazi ya mtoto wa watu.

Huyu ninayemsema, tumwite G, alikuwa rafiki yangu. Hakuwa mpenzi, msije mkanirukia. Kwao ni Njiro, nyumba ya geti, laptop mpya, na ndani yake kila programu ni ya kukraki. Mama yake amenilisha mtori mara nisizoweza kuhesabu. G alizoea kuniita "Bi Bure", darasa likacheka, nami nikacheka, utani ni utani. Mimi nilikuwa na kipindi changu cha Jumamosi kwenye maabara ya kompyuta, nawafundisha mwaka wa kwanza kuweka mifumo hii kwenye laptop zao mbovu kama yangu. Nikawaandikia na mwongozo kwa Kiswahili, kurasa arobaini. Jamani, nilikipenda kile kipindi. Mwalimu wa maabara alishaanza kusema nikihitimu ataniombea nibaki kuwa msaidizi wake.

Muhula uliopita kompyuta za maabara zikaingiwa na virusi, mashine karibu zote chali. G ndiye aliyechomeka flashi yenye programu ya kukraki, nilimwona kwa macho yangu haya. Lakini yeye ni kiongozi wa darasa, akaniwahi. Akaandika kwenye grupu la darasa, mwalimu akiwemo: "Bi Bure anashusha vitu vyake sehemu za ajabu ajabu, ndiye aliyetuletea hii balaa." Nilijitetea mpaka nikalia. Mwalimu akanipiga marufuku maabara. Baada ya wiki mbili kipindi cha Jumamosi kikarudi, na anayefundisha ni nani? G. Anatumia mwongozo wangu, jina langu limetolewa, limewekwa lake.

Na bado hakuwa na haya. Mwezi uliopita akaniletea flashi yake niioshe, kana kwamba hakuna kilichotokea. Na mimi, mjinga, nikaiosha. Ndani yake kulikuwa na utafiti wake wa kuhitimu, umebaki kusahihishwa tu.

Mungu si Athumani. Wiki iliyopita G kashusha programu nyingine ya kukraki, ikafunga kila faili kwenye laptop, na flashi ikiwa imechomekwa humo humo. Hakuna kinachofunguka. Jumanne akaja mpaka mlangoni kwangu.

"Bi Bure, niokoe. Ile kopi yangu si unayo?"

Nikamtazama usoni. "Nilifuta. Nisije nikakuletea virusi."

Akakaa chini pale kwenye ngazi. Wapendwa, sitawadanganya, nilisikia raha. Nilifunga mlango, nikafungua folda yake, nikausoma utafiti wote huku nakunywa chai. Upo mzima kabisa. Kwenye shukrani amemshukuru Mungu, mama yake, msimamizi wake, hadi mpenzi wake. Mimi simo.

Jana mama yake akanipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mwenzako hali, halali. Kesho kutwa asipokusanya anarudia mwaka. Hebu tafuta tafuta humo, labda kuna kilichobaki. Mwenyewe huwa ananiambia, yote anayoyajua ya kompyuta kafundishwa na wewe."

Hapo hasira ikanipanda upya. Kumbe ukweli anaujua! Anausema mezani kwa mama yake, halafu uongo anausema mbele ya darasa na mwalimu. Nikamwambia mama nitaangalia, nikamtumia G ujumbe: "Mafaili yamepatikana. Andika kwenye grupu lile lile nani alileta virusi na nani aliandika mwongozo. Ukishaandika tu, nakutumia."

Alisoma, akajibu: "Nitumie kwanza, nitaandika nikishakusanya. Nikisema sasa hivi watanifukuza chuo."

Msiniletee habari za samehe saba mara sabini, nimezisikia tangu kipaimara. Nikimpa kwanza, namjua, hataandika kamwe, na mimi nitaondoka chuoni nikiwa mleta virusi. Nikimnyima, atakayelia ni mama aliyenilisha. Mwisho wa kukusanya ni kesho saa kumi alasiri. Nishaurini ndugu zangu, nishike lipi niache lipi? Ila andikeni upesi, maana msiponiambia kitu najijua: nitazima simu asubuhi, niiwashe saa kumi na moja.