Ubao wa Kibarazani

Kuna siku moja ya ujana wangu haijanitoka kichwani mpaka leo, na wewe mwanangu unayejiandaa na mtihani wa kidato cha nne nataka uijue. Mie sikusoma. Niliishia darasa la saba na sioni aibu kulisema, maana nyumba ninayokaa hapa Boko nimeijenga mwenyewe, na ukipita mtaani kwetu mageti mengi unayoyaona ni kazi ya mikono hii. Kwa hiyo sitakufundisha kemia. Nitakwambia jambo ambalo wenye kemia yao husahau kukwambia.

Nilikuwa kijana, najifunza weldingi kwenye karakana moja Chang'ombe, chini ya Fundi Mbwana, mzee mfupi asiyecheka hovyo. Wanafunzi tulikuwa wawili, mie na Mashaka. Mashaka alikuwa na mkono mzuri, mkono wa kuzaliwa nao. Yeye akichomelea, mie nashika chuma kisitikisike, nagonga ukoko wa mshono kwa nyundo, napiga msasa, napaka rangi. Ilikuwa raha kwelikweli. Tuliimba, tulitaniana, na geti likiisha tulisimama mbele yake kama mabwana harusi. Na kazi niliijua. Ungeniuliza mshono unaanzia wapi, moto uwe kiasi gani, ningekujibu bila kufikiri.

Wakati huo, ili uitwe fundi mwenye cheti, ulifanya mtihani wa ufundi. Kila mtu kibanda chake, chuma chake. Ulipokaribia, Fundi Mbwana akamtuma Mashaka Kurasini kufuata mabomba, akanipa vipande viwili vya chuma, akaniambia viunganishe. Nikaviunganisha. Kwa macho ulikuwa mshono mzuri tu. Yeye akaviweka juu ya matofali mawili, akapanda katikati kwa mguu mmoja. Vikaachana.

Hakunifokea. Mwanangu, ningependa angenifokea. Aliviokota akanirudishia mkononi, akasema, "Muda wote huu umekaa unauangalia mkono wa Mashaka, ukadhani ni wako."

Kuanzia kesho yake akanihamishia nyuma ya karakana, mie na ukuta. Akakataza mtu yeyote kunisaidia au kupiga soga na mie mpaka mtihani upite. Hujui upweke mpaka umevaa ile kofia ya chuma ya kufunika uso, dunia yote giza, unachokiona ni nukta moja ya moto na makosa yako mwenyewe. Nilisikia Mashaka na wateja wakicheka upande wa mbele na sijui wanacheka nini. Mashaka alikuwaga ananiletea maji, anaweka kopo karibu na mguu wangu, anaondoka bila neno. Mara nyingine nililia ndani ya kofia ile. Nani angeona?

Cheti nilikipata. Lakini sijakuita hapa nijisifie cheti.

Nina mjukuu, jina lake Rehema. Mama yake yuko kazini mkoani, kwa hiyo anakaa na mie. Bibi yake alifariki, na tangu hapo nyumba hii ilikuwa imenyamaza kiasi kwamba niliwasha redio asubuhi ili nisikie mtu akisema habari za asubuhi. Rehema alipoingia kidato cha nne akaniomba kibaraza. Yeye na wenzake walitaka mahali pa kujisomea pamoja, wenyewe wanaita diskasheni. Nikawachongea mabenchi, nikapigilia ubao ukutani, nikaupaka rangi nyeusi mwenyewe.

Basi nyumba ikafufuka. Kila jioni "Babu shikamoo, babu shikamoo," mpaka mdomo unachoka kuitikia marahaba. Nawachemshia mihogo, nakaa kwenye kiti changu pembeni nawasikiliza wakibishana. Aliyeshika chaki siku zote ni Baraka, kijana wa nyumba ya tatu, kichwa chepesi, mdomo mwepesi zaidi. Akieleza, wenzake wote wanaitikia, "Ndiyo, ndiyo, hapo nimekupata." Rehema akikosea, Baraka anamtania: "Kichwa hicho umepewa cha kusukia tu?" Rehema anamjibu, "Chako hata kusukia hakifai." Wote wanacheka, na mie nacheka. Siku moja wakaniuliza kama na mie nitafanya mtihani. Nikawaambia mie wangu nilishaufanya, na sikuwa na mtu wa kucheka naye.

Nililisema hilo kwa mdomo wangu na bado sikulisikia.

Yakaja majibu ya mtihani wa majaribio. Baraka alifaulu vizuri. Rehema alianguka, na wenzake wa benchini karibu wote. Nikamkuta jikoni amesimama tu, bomba linamwaga maji, sahani hazioshi. Nikamuuliza, mbona kila siku nakusikia ukijibu? Akafunga bomba.

"Babu, pale kibarazani najua," akasema. "Baraka akianza tu, mie namalizia. Nikikaa peke yangu na pepa, naisikia sauti yake lakini haisemi kitu."

Mwanangu, nilisikia vile vipande viwili vya chuma vikianguka sakafuni. Nilijua cha kufanya na sikutaka kukifanya. Nikajipa siku kadhaa. Nikajiambia labda walimu watawasaidia, labda wakazane zaidi. Ukweli ni kwamba kibaraza kile kilikuwa changu kuliko chao. Nani ataniamkia jioni? Mihogo nitamchemshia nani? Lakini mtihani wa taifa ni wa Rehema, hauna kiti cha babu, na akianguka ni yeye atakayebaki nyumbani kuwaangalia wenzake wakienda kidato cha tano.

Jioni moja wakaja, wakakuta mabenchi nimeyaegemeza ukutani. Nikawaambia hapa watakutana Jumamosi tu, siku nyingine kila mtu kwao, mlango umefungwa, daftari la majibu limefungwa, anatafuta mwenyewe. Na Jumamosi Baraka hashiki chaki mpaka wengine wote wameshika. Baraka akaniuliza amekosa nini. Nikamwambia hajakosa, anajua sana, na ndiyo maana wenzake wamepumzika. Wengine wakanuna. Rehema hakunisalimia siku mbili tatu. Alidhani nimemtia haya mbele ya wenzake.

Nikampa chumba cha bibi yake, ambacho nilikuwa sijakifungua kwa mtu. Akajifungia humo kila jioni. Mie nikarudi kwenye kiti changu, kibaraza kitupu, ubao mtupu. Nilisikia kiti chake kikiburuzwa. Nilimsikia akisonya, akichana karatasi, mara moja akilia. Nikanyanyuka. Nikafika mlangoni, nikashika kitasa. Nikakumbuka lile kopo la maji la Mashaka. Nikaenda kumwekea chai mlangoni, nikarudi kukaa. Mjukuu yuko ndani peke yake, babu yuko nje peke yake, na ukuta mmoja kati yetu. Sijawahi kumhitaji bibi yake kama jioni zile.

Wiki iliyopita akatoka mwenyewe, akaniambia nikae benchini. Akachukua chaki akaanza kueleza mambo ya damu inavyozunguka mwilini. Sikuelewa, na sikujifanya naelewa. Nilimwangalia shingo. Zamani akijibu alikuwa anageuka kumtafuta Baraka kwa macho, kama mtoto anayejifunza kutembea. Safari hii alikwama katikati, akasimama muda, nikadhani basi. Akafuta mstari, akaandika mwingine, akaendelea mpaka chini ya ubao. Hakugeuka hata mara moja.

"Umeelewa babu?" akaniuliza. Nikamwambia hapana. Akacheka, akafuta ubao, akarudi chumbani akafunga mlango. Nikabaki na vumbi la chaki.

Mtihani bado. Sijui atapata nini, na sitakudanganya kwamba najua. Ila wewe unayesoma haya nakwambia bila kupindisha: soma na wenzako, sikuzuii, mtu asiye na wenzake ni maskini. Lakini usiondoke kwenye benchi ukidhani umejua kwa sababu rafiki yako amejua. Nenda kajifungie. Fanya lile swali hakuna wa kukuchungulia wala wa kukumalizia. Utakapokwama usikimbilie simu, kaa hapohapo ulipokwama, maana siku yenyewe utakwama vilevile na pembeni yako hakutakuwa na mtu. Upweke huo unauma, najua unavyouma. Uzoee sasa hivi, ungali nyumbani, kuna mtu nje ya mlango wako hata kama hasemi.

Nenda mwanangu. Mungu akutulize moyo watakapowaambia mfungue karatasi, aushike mkono wako uwe mkono wako kweli, na akurudishe nyumbani umenyanyua uso. Chai yako ntaiweka mlangoni.