Magoti ya Shangazi Azema

Shangazi yangu Azema Latiolais hakupendwa na watu, naye alijua, na habari hiyo haikumnyima usingizi. Watu walimfuata kwa sababu alikuwa na sala. Alikuwa na sala ya mtu aliyeingiwa na jua kichwani, sala ya damu isiyokatika, ya jino, ya chunjua, ya mtoto anayelia bila sababu. Alizirithi kwa nyanya yake, naye nyanya kwa wengine, hadi huko nyuma kwa wazee wetu wa Kifaransa waliofukuzwa na Waingereza kutoka kwenye baridi ya kaskazini wakaja kutupwa kwenye matope haya ya Luiziana. Kijiji chetu kizima cha Anse Morel kilipita mikononi mwake, na wengi walitetemeka kwa kumwogopa yeye zaidi ya kuogopa ugonjwa.

"Umekunywa nini jana?" angemwuliza mwanamume mzima mwenye wajukuu. "Usinidanganye. Kichwa kisicho na kazi hakiumi bure."

Sala hizo zina masharti. Mganga hajipeleki, lazima aombwe, na akiombwa hakatai. Havuki maji yanayotiririka kumfuata mgonjwa, avuke mgonjwa. Halipwi. Na akimaliza haambiwi asante. Ukisema asante umemrudishia dawa yake na umejitwika tena maumivu yako. Watoto wetu hufundishwa hilo kabla ya kufundishwa ishara ya msalaba. Mtu aliyetibiwa alisema tu "Haya, tutaonana," akaenda zake, na wiki nyingine ungekuta kuku barazani kafungwa miguu, hakuna ajuaye katoka wapi. Nadhani kazi ile ilimfaa kwa sababu hiyo. Angepata wapi nyingine ambayo watu wamekatazwa kumshukuru?

Mimi nililelewa naye baada ya baba yangu kufa. Walizaliwa watatu, Shangazi wa kwanza, baba wa katikati. Wa mwisho wao ni Baba mdogo Sosthène, na huyu ndiye ninayemtaka.

Kumwita Sosthène tumeanza juzi tu. Ujana wake wote na nusu ya utu uzima wake aliitwa Sam. Sam Latiolais wa bima, gari jeupe, viatu vinavyong'aa kama kipara. Kifaransa alikuwa hakisikii. Mama yake mzazi alikata roho akimwita kwa Kifaransa, yeye akimjibu kwa Kiingereza. Kisha upepo ukageuka. Wakubwa wa jimbo waliamka asubuhi moja wakatangaza kwamba Kifaransa ni urithi, na urithi una bajeti. Kufumba na kufumbua Sam akawa Sosthène, jina limepakwa rangi ya dhahabu kwenye sanduku la barua, alama zake zote juu ya herufi.

Akawa mwenyekiti wa Ukumbi wa Urithi. Ukutani alitundika picha za Wamarekani mashuhuri wenye damu ya Kifaransa: majenerali, maseneta, mpanda farasi wa mashindano, tajiri wa mafuta, na mwimbaji mmoja ambaye naapa ukoo wake ni wa Kiitaliano. Kati ya jenerali na mpanda farasi akajitundika mwenyewe, kavaa tai. Ukuta mzima haukuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kukata muwa.

Siku ya kuufungua ukumbi walikuja wageni kutoka Ufaransa. Tulikaribishwa ndugu wote, maana ukoo mkubwa unapendeza pichani. Tulikula bata na wali, wageni wakasifu pilipili huku wakitokwa na machozi. Kisha Sosthène akapanda jukwaani, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Nilikuwa na miaka saba," alisema. "Mwalimu alinipigisha magoti juu ya punje za mahindi, kwa kosa la kusema lugha ya mama yangu. Makovu ninayo hadi leo."

Wageni wakatoa leso. Mimi nilimtazama Shangazi. Alikuwa ameweka uma chini.

Ukweli wa jambo hilo ukoo mzima tunaujua. Sosthène alikuwa na miaka saba, hilo hakudanganya. Alijikojolea darasani kwa sababu hakujua kuomba ruhusa kwa Kiingereza, akaenda kulilia nyuma ya shule, kwenye pampu ya maji. Azema, dada yake wa miaka kumi, alimfuata akamwambia kwa Kifaransa: nyamaza, nitakufulia. Mwalimu akasikia sauti. Akauliza ni nani aliyesema Kifaransa. Sosthène akanyoosha kidole. Kwa kidole hicho alipewa penseli mpya yenye kifutio, na Azema akapewa mahindi. Alipiga magoti hadi punje zikazama nyamani. Baba yao alipoyaona magoti yale alimtoa shule akampeleka shamba la pilipili, na hakurudi darasani tena. Hadi anakufa hakujua kuandika jina lake.

Shangazi akasimama katikati ya ukumbi.

"Sam," alisema. "Vuta suruali juu."

"Dada, kaa tafadhali."

"Vuta suruali juu watu wayaone hayo makovu. Ya kwangu haya." Akapandisha gauni hadi juu ya magoti, mwanamke wa zaidi ya miaka sitini, mbele ya waheshimiwa na wake zao. Vishimo vilikuwepo, vyeupe, goti hili na hili.

Sosthène akacheka kwenye kipaza sauti. "Waheshimiwa, dada yangu ameonja divai mliyotuletea."

Ukumbi ukacheka, wa kwetu na wa kwao. Bendi ikaanza kupiga. Niliendesha gari kurudi nyumbani, Shangazi kando yangu, na tulipofika uani akasema.

"Elimu aliichukua, nikanyamaza. Jina alilitupa, akaja kuliokota, nikanyamaza. Sasa ameniibia hadi magoti."

Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Kanisani Sosthène alikaa upande wa kulia, Shangazi kushoto, na padri akisema tupeane amani, Shangazi alifunga macho.

Mwaka uliofuata, miwa ikichomwa, Sosthène akashikwa na mkanda wa jeshi. Ulianzia kwenye uti wa mgongo, ukazunguka chini ya mbavu, malengelenge mekundu yanayowaka kama upupu uliotiwa moto. Daktari alimpa vidonge akamwambia utapita wenyewe. Lakini kwetu kila mtu anajua kwamba mkanda ukizunguka mwili ncha zikakutana, mwenye mwili hana siku nyingi. Sosthène alikuwa akiwachekesha wageni kwa imani hiyo. Sasa alisimama mbele ya kioo kila asubuhi, kageuza mgongo, anazitafuta ncha.

Aliyekuja kwetu ni mkewe, Verna, mwanamke wa Kibaptisti kutoka kaskazini ya jimbo, ambaye hata rozari huiona kama uchawi. Alivuka daraja kwa miguu.

"Wifi, njoo umwangalie. Hata shati halimgusi. Analia kama mtoto."

"Sivuki maji."

"Nitakuletea gari."

"Hilo gari linaruka? Aje mwenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Anaona haya, wifi."

"Haya? Zimemwanza lini?"

Verna aliondoka analia. Nilimwambia Shangazi kwamba safari hii amefanya vizuri, naye akaniambia nifunge mdomo niendelee na vitunguu. Sikuona furaha usoni mwake. Mtu angeweza kufa, na mtu huyo ndiye yule ambaye Shangazi alimwahidi kumfulia suruali.

Jumamosi asubuhi Sosthène alifika. Mimi ndiye niliyemfungulia. Alikuwa amejifunga shuka la mkewe chini ya koti, uso umekuwa wa kijivu. Shangazi alikuwa mezani akimenya kamba, na hakuinua kichwa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, akaendelea kumenya.

Sosthène akaanza kwa Kiingereza, kwamba daktari amemhakikishia hivi na vile, ila Verna anasumbua, basi kwa ajili ya amani ya nyumba.

"Nedia," Shangazi akaniambia, "kuna mtu mlangoni? Mbona nasikia upepo?"

Sosthène akabadilisha lugha, akatia Kifaransa cha jukwaani, kile cha urithi na heshima na mila za wazee wetu.

"Na huyu balozi anataka nini?"

Jasho likamtiririka. Kisha maumivu yakamkata, akajikuta amechuchumaa sakafuni ameshika mguu wa meza, na ile sauti ya jukwaani ikampotea.

"Zema," alisema. "Naumwa. Nisaidie."

Shangazi akafuta mikono kwenye aproni. Alimkalisha kitini, kifua kimeelekea kwenye egemeo, akateremsha shuka. Nimeona vidonda vingi katika nyumba ile, lakini nilipoona kile nilishika ukuta. Ncha mbili za mkanda zilibakiza upana wa kiganja.

Shangazi akainua mikono juu ya ngozi bila kuigusa, akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Akaishusha mikono, akatoka kwenda uani.

"Anakwenda wapi?" Sosthène aliuliza.

"Sijui."

Nilimwona dirishani. Alikuwa amesimama kwenye banda la kuku, ameshika wavu, midomo inatembea. Mara atikise kichwa, mara apige wavu kwa kiganja, kuku wakimkimbia. Alikaa huko mpaka maji ya kahawa yakaisha jikoni kwa kuchemka. Aliporudi, uso wake sikuujua. Ulikuwa wa mtu aliyeoshwa.

Hapo sala ikatoka. Aliirudia mara tatu kwa kunong'ona, jasho likimdondoka kidevuni, na mara ya tatu alikuwa analia waziwazi bila kujifuta. Akamfunga uzi wenye mafundo kiunoni. Kisha akaweka mkono kichwani kwa mdogo wake, kwenye zile nywele chache zilizobaki, akauacha hapo. Nimeishi naye tangu nikiwa mtoto na mimi sikuwahi kuwekewa mkono kama ule.

Sosthène akavuta pumzi hadi ndani. Akajinyoosha. "Moto umepoa," alisema, kwa mshangao, na mwenyewe niliona uso wake umerudiwa na damu. Akavaa koti. Akafika mlangoni, akageuka, akamtazama Shangazi machoni.

"Asante," alisema.

Nilidhani neno limemponyoka. Mzee, maumivu, mambo mengi. Lakini akavuta pumzi akasema tena, pole pole, kama anayepiga msumari.

"Asante sana, Azema. Nakushukuru kwa yote."

"Ba'mdogo," nilimwambia, "unajua ulichokisema?"

"Najua. Nimezaliwa hapa kama wewe. Siku moja mtu huyu angesimama ukumbini atangaze kwamba aliniponya. Sasa hana la kutangaza. Sidaiwi."

Wahenga wanasema shukrani ya punda ni mateke. Wa kwetu alipiga mateke kwa shukrani. Nilishika mpini wa sufuria ya chuma, na Mungu ananijua nilivyokuwa nimeupima ule mwendo hadi kichwani kwake.

"Mwache apite, Nedia," alisema Shangazi.

Hakufa. Ncha hazikukutana, malengelenge yakakauka, daktari akajisifu. Lakini moto ulibaki chini ya ngozi, na hadi leo Sosthène havai shati bila kukunja uso. Daktari ana jina la ugonjwa huo, na sisi tuna letu. Angeweza kuvuka daraja akaomba upya, maana sala haikatai. Hakuvuka.

Jioni ya siku ile nilimwambia Shangazi amlaani. Nilisema akishindwa yeye nitamlaani mimi, anifundishe maneno tu.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi au hutaki?"

"Huwezi kumwombea mtu huku umemkaba. Sala haipiti. Pale bandani ilibidi niyaweke chini yote. Penseli, pilipili, magoti. Nilimtazama hadi nikamwona tena ana miaka saba, suruali imelowa. Nikamsamehe, Nedia. Si kwa mdomo." Alikuwa akichezea maganda ya kamba mezani. "Sasa naitafuta hasira yangu, siioni. Ilikuwa kitu changu peke yangu. Hata hiyo ameondoka nayo."

Aliishi miaka michache baada ya hapo. Watu walisema amekuwa mpole. Kanisani alimpa Sosthène mkono wa amani, mkono tu, kama anavyopewa mgeni. Wagonjwa hakuwatukana tena. Aliwatibu, akakaa, akatazama nje. Nilizikosa zile kejeli zake kiasi cha kununa jikoni peke yangu, na watu waliokuja kunipongeza kwa upole wa Shangazi niliwafungia mlango.

Alipozikwa, Sosthène alikuja nyumbani, koti kaliweka begani lisimguse mbavu. Alitaka picha. Alisema ataitundika ukutani pa Ukumbi: mganga wa mwisho wa Anse Morel, fahari ya damu yetu.

"Kati ya nani na nani?" niliuliza.

"Kando yangu."

"Picha ninayo. Haiendi."

"Nedia, damu ni nzito kuliko maji. Hasira za nini sasa? Marehemu mwenyewe alikuwa amenisamehe."

"Alikusamehe, ndiyo," nilimwambia. "Hasira yake aliiacha bandani. Mimi nikaenda kuiokota."