Shemeji Alikata Maandishi ya Chini, Mimi Ndiye Natakiwa Kusaini

Admin, ficha jina langu na la kliniki. Mengine yaache kama nilivyoandika.

Jumanne iliyopita nilipoteza kazi niliyoifanya miaka sita, na kliniki moja huku mtaa wa Gurei ikapoteza chanjo zote zilizokuwa kwenye friji. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, fundi wa stima, mama wa watoto wawili, naishi Juba. Nililelewa Nakuru. Chuo sikumaliza. Nilijifunza kwa kubebea mafundi ngazi, na kitabu changu cha majedwali ya nyaya nilikinunua kikuukuu barabarani, nikakisoma mpaka jalada likatoka.

Aliyenipa kazi hapa ni kaka ya mume wangu. Ana kampuni ndogo, ofisi iko mtaa wa Thongpiny, watu humwita Injinia. Sitamnyima haki yake: wakati wengine wakiniona na drili waliniuliza mwanaume wangu yuko wapi, yeye alinipa ngazi akaniambia panda.

Mwaka wa kwanza aliniomba kile kitabu akatoe fotokopi ya ukurasa mmoja, ule unaoonyesha waya wa unene fulani unabeba ampea ngapi. Kitabu ni kirefu kuliko karatasi ya mashine, kwa hiyo sehemu ya chini ikakatika. Akaipiga plastiki, akaitundika ukutani. Tangu siku hiyo kila fundi wake husoma pale ukutani, na pale chini palipokatika ndipo palipoandikwa kwamba namba hizo ni za hewa ya digrii thelathini. Joto likizidi, unapunguza.

Kliniki ilipotaka waya mpya wa friji ya chanjo, mashine za oksijeni na ya kuchemshia vyombo, mzigo wote ulikuwa ampea 32. Shemeji akachagua waya wa milimita sita, ambao jedwali linaupa ampea 38. Mimi nilipanda juu ya dari, chini ya mabati, na kipimajoto nilichoazima kwa sista msimamizi. Saa tisa mchana kilisoma hamsini. Kwa hamsini, kitabu kinasema uchukue 38 uzidishe kwa 0.71. Piga mwenyewe: haifiki hata 27.

Sista alicheka nilivyoshuka na vumbi la dari kichwani, lakini nilipomweleza aliacha kucheka. Akanionyesha kitabu chake cha dozi. Akasema mtoto hampi dawa kabla ya kumpima uzito, na akishampima anasoma na yale maandishi madogo, kwa sababu humo ndimo wanamokwambia ni nani hafai kupewa.

Nilimpelekea shemeji hesabu yangu, na picha ya ukurasa mzima kwa simu.

"Jedwali linasema thelathini na nane, sisi tunatumia thelathini na mbili," akaniambia. "Bado tuna sita za kuchezea."

"Linasema hivyo kwa digrii thelathini. Hiyo ni Juba gani, shemeji?"

"Wewe shika stima. Hali ya hewa waachie watu wa uwanja wa ndege."

Mafundi wenzangu wakacheka sana. Mimi nikafunga ule waya, na hilo ni kosa langu, silikatai. Nilifunga kitu nilichojua ni chembamba kwa sababu mkubwa wa nyumba alisema.

Ulishika miezi mitatu. Jumanne ile saa nane mchana plastiki ya waya iliyeyuka ndani ya dari, moshi ukashuka wodini. Swichi ya usalama ilichelewa kukata kwa sababu nayo ilichaguliwa kwa hesabu ileile. Kulikuwa na mtoto wa miezi minne kwenye oksijeni. Sista alimbeba mwenyewe hadi kwenye mtungi wa akiba. Yu hai. Chanjo hazikupona.

Jioni yake shemeji alinifuta kazi, kesho yake akaniletea karatasi iliyoandikwa kwamba mimi nilifunga vibaya kinyume cha maagizo. Akasema malesh, yaani pole, nisaini tu, baada ya mwezi atanirudisha, mambo ya nyumba hayatoki nje. Mume wangu akaniambia nikumbuke tunakaa kwenye nyumba ya nani.

Nakumbuka. Nakumbuka pia kwamba kuna kliniki nyingine tatu tulizofunga kwa karatasi ileile ya ukutani, na joto kali bado linakuja. Kwa hiyo wale mtakaoniambia nivumilie kwa ajili ya ndoa, hesabuni kwanza vitanda vya watoto kwenye hizo kliniki tatu.

Kusaini sisaini. Hilo siwaulizi. Ninachowauliza ni kama nimekosea kumpa mtu wa familia nafasi moja ya mwisho kabla sijaenda kwa wenye kliniki.

Na wewe shemeji, najua unasoma huu ukurasa, wewe ndiye uliyenionyesha. Utabadilisha nyaya za zile kliniki tatu, ndiyo au hapana? Usinitumie mume wangu, usinitumie mama yenu. Nijibu mwenyewe kabla ya Ijumaa saa nne asubuhi. Sista ameshaniwekea nafasi ya kuonana na wenye kliniki saa nne na nusu, na kitabu ninacho.